Thomas Clarkson (1760–1846): Insha, Sanduku na Sahihi

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha historia katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hukutana mapema na sentensi moja iliyomo karibu katika kila kitabu cha kiada, kwamba mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa. Sentensi hiyo ni ya kweli. Lakini ikiandikwa ubaoni na kunakiliwa daftarini hivyo ilivyo, humwachia mtoto picha ya Bunge lililoamka asubuhi moja likiwa na huruma. Hali haikuwa hivyo hata kidogo. Sheria ile ilitanguliwa na miaka 20 ya kazi ngumu, ambayo sehemu kubwa yake ilifanywa nje ya Bunge na watu wasiokuwa na cheo chochote. Katika makala hii tumekusudia kueleza maisha ya mmoja wao, Thomas Clarkson. Tumemchagua yeye kwa sababu kazi aliyoifanya inafanana mno na kazi ya mwalimu: alitafuta ushahidi, akatengeneza zana, kisha akalirudia somo lilelile mji kwa mji mpaka likaeleweka.

Clarkson alizaliwa tarehe 28 Machi 1760 katika mji mdogo wa Wisbech, mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi na pia mwalimu mkuu wa shule ya mji huo, naye alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka sita tu. Kijana alisoma London katika shule ya St Paul's, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Alikuwa na akili, bidii na tamaa ya kutukuka, na njia iliyokuwa wazi mbele yake ilikuwa ile ya ukasisi. Hakuna lolote katika ujana wake linaloonyesha kwamba angekuja kuupinga mfumo uliokuwa ukiilisha nusu ya miji ya bandari ya nchi yake.

Mwaka 1785 Makamu Mkuu wa Chuo hicho, Peter Peckard, alitoa swali la shindano la insha kwa Kilatini. Aliwataka washindani waeleze kama ni halali kuwafanya watu watumwa kinyume cha hiari yao. Clarkson alikuwa amekwisha shinda tuzo moja mwaka uliotangulia na akataka kushinda tena. Hiyo ndiyo sababu iliyomfanya ashike kalamu. Hakujua lolote kuhusu jambo lenyewe. Alianza kusoma kitabu cha Anthony Benezet, mwalimu wa shule kule Philadelphia ambaye kwa miaka mingi alifundisha watoto weusi, akasoma na karatasi za mfanyabiashara mmoja aliyekufa, akawahoji maofisa waliowahi kufika visiwa vya West Indies. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyokosa usingizi. Aliacha mshumaa ukiwaka usiku kucha ili aamke na kuandika kila wazo lililomjia, na insha iliyoanza kwa kutafuta sifa ikamalizika kwa uchungu.

Tungependa msomaji asimame kidogo hapa. Swali lile lilitolewa na mwalimu, na lilikuwa ni swali la kweli, yaani swali ambalo jibu lake halikuwa limetayarishwa kitabuni. Maswali mengi tunayoyatoa darasani humtaka mtoto aturudishie tulichompa, nayo yana kazi yake. Lakini Peckard alijua kwamba nchi nzima ilikuwa inakwepa kulijibu swali lake, naye akaliweka mbele ya vijana werevu ambao hawakuwa na mali ya kulinda.

Clarkson alishinda. Mwezi Juni akaisoma insha yake mbele ya hadhara ya chuo, akapanda farasi kwenda London. Njiani, karibu na kijiji cha Wadesmill, alishuka akakaa kando ya barabara akiwa na fadhaa kubwa. Iwapo yote aliyoyaandika yalikuwa kweli, basi ilikuwa lazima mtu fulani ayafikishe mambo hayo ukomo wake. Alikuwa na umri wa miaka 25. Hakuamua siku ile; ilimchukua miezi mingi kukubali kwamba mtu huyo angekuwa yeye.

Ili kupima ukubwa wa kazi iliyomngoja, yafaa tuueleze mfumo wenyewe. Katika miaka ile meli za Uingereza zilikuwa zikibeba kiasi cha Waafrika 40,000 kwa mwaka kuvuka Bahari ya Atlantiki. Watumwa walilima miwa. Sukari ilitiwa katika chai ya kila nyumba. Faida ilijenga majumba ya Liverpool na Bristol. Waundaji wa meli, wafuaji wa minyororo, wafumaji wa vitambaa na wenye bima, wote walipata riziki humo. Wabunge wengi walikuwa na mashamba visiwani au jamaa wenye mashamba. Uovu wa namna hii hauna mwenyewe mmoja wa kukamatwa. Umegawanywa vipande vidogo vidogo, kila mtu ameshika chake, na kila mmoja anaona kipande chake ni kazi ya kawaida tu.

Mwaka 1786 insha ilitolewa kwa Kiingereza na mpiga chapa James Phillips, Mkweka. Wakweka, ambao hujiita Marafiki, walikuwa wamekwisha kuupinga utumwa kwa muda mrefu, lakini walikuwa dhehebu dogo lililodharauliwa na sauti yao haikufika mbali. Tarehe 22 Mei 1787 watu 12 walikutana katika duka la Phillips katika kichochoro cha George Yard, London, wakaunda chama. Tisa kati yao walikuwa Wakweka. Watatu waliobaki, akiwemo Clarkson na mwanasheria wa kujisomea Granville Sharp, walikuwa wa Kanisa la Uingereza. Bungeni walimpata msemaji, William Wilberforce, kijana mwenye ulimi mtamu na rafiki wa Waziri Mkuu.

Uamuzi wao wa kwanza umebishaniwa tangu siku ile. Je, wapigane na utumwa wenyewe au na biashara ya watumwa tu? Sharp alitaka yote mawili. Wengine waliona kwamba kuugusa utumwa ni kugusa mali, na Bunge la wenye mali lingefunga mlango mara moja. Lakini biashara ya baharini ilikuwa chini ya sheria ya Bunge, na ikikatwa, wenye mashamba wangelazimika kuwatunza watumwa waliokuwa nao, na utumwa ungedhoofika wenyewe. Wakachagua biashara. Kwa maoni yetu uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa upande wa mbinu, ila tumaini lake la pili halikutimia: baada ya 1807 utumwa haukunyauka kama mti uliokatwa mzizi. Watu walioko katika minyororo wakati ule waliendelea kufungwa kwa zaidi ya robo karne nyingine. Anayechagua hatua iwezekanayo badala ya haki kamili hana budi kujua ni nani atakayelipa gharama ya kusubiri.

Kazi ya Clarkson ilikuwa kukusanya ushahidi. Katikati ya mwaka 1787 alipanda farasi kwenda Bristol, kisha Liverpool. Huko Bristol mwenye baa moja alimwongoza usiku wa manane katika vilabu ambamo mabaharia walileweshwa, wakatiwa madeni, wakapakiwa katika meli za watumwa. Aliwahoji, akaandika. Alimpata Alexander Falconbridge, tabibu aliyesafiri katika meli hizo na aliyekubali kutoa ushahidi kwa jina lake, jambo ambalo wengi waliliogopa. Huko Liverpool aliona dukani pingu, minyororo ya miguu, vibanio vya vidole gumba, na chombo cha kupanulia kinywa cha mtumwa aliyekataa kula. Vyote viliuzwa hadharani kama majembe. Alivinunua. Bandarini hapo kundi la watu lilimzingira ukingoni mwa gati likitaka kumsukuma baharini. Alijitosa katikati yao kwa nguvu, akaponea chupuchupu.

Kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo wanahistoria hulisifu nasi tunalisifu. Watetezi wa biashara walikuwa na hoja waliyodhani haivunjiki: kwamba meli za watumwa ni shule ya mabaharia, na bila mabaharia Uingereza haina jeshi la majini. Clarkson hakuipuuza kwa kuwa ilikuwa hoja ya wapinzani. Alikwenda katika ofisi za forodha, akafungua madaftari ya mabaharia wa kila meli, akanakili jina baada ya jina mpaka akapata habari za mabaharia wapatao 20,000. Hesabu ilionyesha kwamba meli za watumwa ziliua mabaharia kwa kiwango kilichopita mbali meli za biashara nyingine. Ile shule ilikuwa kaburi. Huenda msomaji akauliza kwa nini roho ya baharia Mwingereza iwe na uzito kuliko roho za Waafrika waliokuwa chini ya sitaha. Haikustahili kuwa na uzito zaidi, na Clarkson hakudhani hivyo. Alijua tu kwamba wasikilizaji wake walikuwa na masikio ya aina ile, akaanzia pale walipokuwa, kama tunavyofundishwa kuanzia katika lile analolijua mwanafunzi.

Wakati mwingine alihitaji shahidi mmoja tu. Wapinzani walikana kwamba watu walitekwa kwa kuvamiwa vijijini usiku. Clarkson alisikia habari za baharia aliyewahi kushiriki katika uvamizi kama huo, lakini hakujua jina lake wala meli yake, ila kwamba alikuwa katika jeshi la majini. Akaanza kupanda meli moja baada ya nyingine, bandari kwa bandari. Alizipanda zaidi ya meli 300 kabla ya kumpata huko Plymouth mtu aliyeitwa Isaac Parker, na Parker akasimama mbele ya kamati ya Bunge akaeleza jinsi mashua zilivyopanda mto, zikajificha, na watu wakanyakuliwa vibandani mwao.

Sasa tufike kwenye sanduku. Meli ya kwanza ya Afrika aliyoikagua Clarkson haikuwa ya watumwa. Ilileta pembe, nta, mawese na pilipili. Humo aliona vitambaa vilivyofumwa na kutiwa rangi kwa ustadi ambao hakuutarajia. Alinunua vitu kadhaa, akaendelea kukusanya, na mwisho akavipanga katika sanduku la mbao lililogawanywa vyumba vyumba. Humo mlikuwa na vipande vya mbao mbalimbali, pembe, viungo, utomvu, pamba, rangi za mimea, vitambaa na kazi za ngozi. Mwaka 1788 alilifikisha mbele ya kamati ya Baraza la Mfalme, na kila alikokwenda kuhutubia alilifungua. Minyororo aliyoinunua Liverpool nayo ilionyeshwa.

Tuiangalie zana hii kwa jicho la mwalimu. Wasikilizaji wa Clarkson walikuwa wameaminishwa kwamba Afrika haina kitu cha kuuza isipokuwa watu, na kwamba Waafrika hawana kazi ya mikono wala fikra. Hotuba ya saa mbili juu ya usawa wa wanadamu ingeweza kusikilizwa na kusahauliwa. Lakini mtu akipewa kitambaa ashike kwa vidole vyake, ahesabu nyuzi zake, hawezi tena kusema kwamba aliyekifuma ni mnyama. Aidha, sanduku lilijibu swali ambalo wapinzani wa mfumo wowote huulizwa: mkiliondoa hili, mtaweka nini badala yake? Clarkson alikuwa na jibu lililoshikika, yaani biashara ya bidhaa. Inatupasa kukiri kwamba jibu hilo lilikuwa na mbegu ya balaa nyingine, maana katika karne iliyofuata biashara hiyohiyo ya bidhaa na kampeni hiyohiyo ya kukomesha utumwa zilitumiwa na mataifa ya Ulaya kama kisingizio cha kulitawala bara letu.

Zana ya pili ilikuwa picha. Kamati ya Plymouth, na baadaye ile ya London mwaka 1789, ilichora ramani ya meli iitwayo Brookes ikionyesha watu walivyolazwa. Kwa sheria ya mwaka 1788 meli hiyo iliruhusiwa watumwa 454. Kabla ya sheria iliwahi kubeba zaidi ya 600. Picha haikuwa na damu wala kilio, ilikuwa mistari na vipimo tu, na hiyo ndiyo iliyowatisha watu. Mwalimu anaweza kuchora sakafuni kwa chaki nafasi aliyopewa mwanamume mmoja katika ramani hiyo, urefu wa sentimeta 183 na upana wa sentimeta 41, kisha awaache wanafunzi waitazame kimya. Tunaonya tu kwamba asiwalaze watoto ndani yake wala asiwaigizishe watumwa na mabwana. Hapo kicheko huzuka, na baadhi ya watoto hurudi nyumbani wamedhalilika.

Wala tusimpe Clarkson peke yake sifa hii. Olaudah Equiano, aliyekuwa mtumwa na kujinunua, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1789 akazunguka nchi nzima akikiuza na kuzungumza. Ottobah Cugoano alikwisha kuandika miaka miwili kabla. Hawa walikuwa mashahidi wasiohitaji sanduku.

Wakati ule wanaume wachache tu wa Uingereza walikuwa na haki ya kupiga kura, na wanawake hawakuwa nayo kabisa. Lakini kila mtu aliweza kutia sahihi katika hati ya maombi kwa Bunge. Mji wa Manchester, ambao ulitegemea pamba iliyolimwa na watumwa, ulipeleka hati yenye sahihi zaidi ya 10,000. Mwaka 1792 zilifika hati 519 zenye sahihi zipatazo 390,000. Katika miaka hiyohiyo familia nyingi, zikiongozwa na akina mama wenye kushika mikoba ya nyumbani, ziliacha kula sukari ya West Indies. Clarkson alikadiria idadi ya walioacha kuwa watu 300,000. Mtoto wa kijijini aliyekataa sukari katika chai yake alikuwa amekitambua kipande chake cha ule mfumo, akakiweka chini.

Hata hivyo walishindwa. Mwaka 1791 Baraza la Makabwela liliukataa mswada kwa kura 163 dhidi ya 88. Mwaka uliofuata lilikubali biashara ikomeshwe polepole, na Baraza la Malodi likaliacha jambo hilo likafia mikononi mwake. Mwaka 1793 vita na Ufaransa vilianza, na kila aliyetaka mageuzi akaitwa msaliti. Clarkson alikuwa amesafiri kiasi cha maili 35,000 katika miaka saba, ametumia karibu fedha zake zote, na mwili ukamgomea. Mwaka 1794 alijiuzulu, akanunua shamba dogo katika nchi ya maziwa kaskazini ya Uingereza, akaoa, akalima. Kwa karibu miaka kumi hakuna kilichosogea.

Mwaka 1804 kamati ilifufuka, naye akarudi barabarani kuwatafuta tena mashahidi. Alikuta jambo la ajabu: vijana waliokua wakiiona ile picha ya meli ukutani kwa wazazi wao walikuwa sasa watu wazima, na hawakuhitaji kushawishiwa. Mwezi Februari 1807 Baraza la Makabwela lilipitisha mswada kwa kura 283 dhidi ya 16, na tarehe 25 Machi ukawa sheria.

Ilibaki ile nusu iliyoachwa George Yard. Hapa waliosukuma gurudumu walikuwa watumwa wenyewe. Wale wa Haiti walikuwa wameinuka mwaka 1791 na kujipatia uhuru mwaka 1804. Clarkson aliandikiana barua na mfalme wao Henri Christophe, na baada ya mfalme huyo kufa aliwapokea mjane wake na binti zake nyumbani kwake. Mwaka 1823, akiwa na umri wa miaka 63, alipanda tena farasi na kuzunguka nchi kuanzisha kamati. Wanaume wa chama walitaka utumwa uondolewe kidogo kidogo. Mwanamke mmoja, Elizabeth Heyrick, aliandika mwaka 1824 akidai uondolewe mara moja, na vyama vya wanawake vikamfuata. Mwishoni mwa 1831 watumwa wa Jamaica, wakiongozwa na Samuel Sharpe, waligoma na kuinuka. Waliuawa mamia, lakini Bunge lilielewa. Sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza ilipitishwa 1833, ikaanza 1834, na uhuru kamili ukapatikana 1838. Wenye watumwa walilipwa fidia ya pauni milioni 20. Watumwa hawakulipwa chochote.

Mwalimu asiwaache wanafunzi wadhani kwamba tarehe hizi ni za pwani yetu. Huku biashara ilizidi kukua katika karne hiyo licha ya mkataba wa mwaka 1822 na Seyyid Said. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 wakati wa Seyyid Barghash, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922.

Clarkson aliishi muda mrefu wa kutosha kuona sifa zake zikinyang'anywa. Mwaka 1838 watoto wa Wilberforce walitoa kitabu cha maisha ya baba yao kilichomfanya Clarkson aonekane mtumishi tu. Baadaye walimwomba radhi. Mwaka 1840, akiwa na miaka 80 na macho yamedhoofika, aliongoza ufunguzi wa mkutano wa dunia dhidi ya utumwa uliofanyika London. Wajumbe wanawake waliovuka bahari kutoka Marekani walizuiwa kuketi pamoja na wanaume, na baadhi yao waliondoka wakiwa na kazi mpya ya kufanya kwao. Mwezi Agosti 1846 Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani Marekani, alifika kumwona nyumbani kwake Playford. Mzee alifariki wiki chache baadaye, tarehe 26 Septemba. Sanduku lake limo katika nyumba ya makumbusho ya Wisbech, na vitambaa vingali ndani yake.